"Dozi Nilimaliza": Tunapima Nini Tunapompima Daktari?



Miaka miwili iliyopita niliugua shinikizo la damu kwa muda wa asubuhi moja. Nilikuwa seremala mwenye umri wa miaka 58, baba wa watoto watano, na kichwa kilikuwa kikiniuma kwa wiki ya pili mfululizo. Ilipotimu saa saba mchana nilivua shati nililoazima, nikarudi kuwa mhadhiri wa isimu wa miaka arobaini na kitu ambaye presha yake, namshukuru Mungu, bado iko sawa. Katika saa hizo nilikuwa nimehojiwa na wanafunzi zaidi ya 20 wa mwaka wa mwisho wa udaktari, mmoja baada ya mwingine, kila mmoja kwa dakika 8. Nilikuwa sehemu ya mtihani wao.

Nilifikaje huko, mimi ambaye udaktari wangu ni wa vitabu na hauwezi kutibu hata mafua? Chuo kimoja cha tiba, ambacho sitakitaja, kiliniomba nipitie Kiswahili cha maelezo wanayopewa watu wanaoigiza wagonjwa katika mtihani. Maelezo hayo yalikuwa yametafsiriwa kutoka Kiingereza, tena kwa uaminifu mkubwa. Mgonjwa mmoja alitakiwa kumwambia mwanafunzi: "Ninahisi maumivu makali ya kubana katikati ya kifua, yanayosambaa kuelekea mkono wa kushoto." Nikawaambia wenyeji wangu kwamba mgonjwa huyu amesoma kitabu kilekile alichosoma mwanafunzi. Wagonjwa ninaowafahamu husema kifua kimewabana, au wana kichomi, au moyo unawaenda mbio. Wengine husema tu kwamba mwili hauna nguvu, kisha hunyamaza wakisubiri kuulizwa. Na mama akisema mtoto alipatwa na degedege, hasemi habari ya mwili kutetemeka peke yake. Neno hilo limebeba hofu na mashauri ya bibi, na aghalabu limekwisha kupita kwa mganga kabla ya kufika zahanati. Mwanafunzi anayelitafsiri kichwani kwa neno moja la Kiingereza na kuendelea na swali linalofuata ameandika dalili sahihi, lakini hajajua mtoto amekwisha kupewa nini.

Wenyeji wakacheka, wakasema, basi andika wewe. Nikaandika. Siku mbili kabla ya mtihani mwigizaji wao akafiwa, wakaniomba nikae kitini mwenyewe.

Kwa msomaji asiyeufahamu, mtihani huu wenyewe huuita OSCE. Ulibuniwa na Ronald Harden na wenzake huko Dundee, Uskoti, na kuelezwa katika jarida la madaktari wa Uingereza mwaka 1975. Badala ya mwanafunzi kuhukumiwa kwa mgonjwa mmoja mbele ya wakubwa wawili, hupitishwa katika vituo vingi vifupi. Kituo kimoja atasikiliza moyo, kingine atasoma picha ya eksirei, kingine atamweleza mama matokeo ya kipimo. Kengele ikilia, anahama. Kila kituo kina mtahini mwenye orodha mkononi: amesalimia, amejitambulisha, amenawa mikono, ameuliza hiki, ameuliza kile. Kila tendo lina alama yake. Wanafunzi wote hukutana na mgonjwa yuleyule kwa dakika zilezile. Wagonjwa wa kuigiza nao ni wa zamani zaidi ya vituo vyenyewe: Howard Barrows, daktari wa mishipa ya fahamu huko Los Angeles, alianza kuwatumia mwaka 1963.

Kisa nilichokiandika sikukibuni. Ni cha mama yangu.

Mama aligundulika kuwa na shinikizo la damu katika hospitali moja ya mkoani. Daktari alikuwa kijana mwenye adabu. Alimpima vizuri, akamwandikia dawa sahihi kwa kiwango sahihi. Nimewaonyesha madaktari bingwa wawili cheti kile na hakuna aliyeona kosa. Akamwambia, "Mama, hakikisha unamaliza dozi." Mama ni mtu wa kutii. Alimeza vidonge vyake kila jioni kwa siku 30, akavimaliza, akajisikia vizuri, akamshukuru Mungu, bahasha akaitupa. Tangu utoto wake kila dozi aliyopewa, iwe ya malaria, ya kifua au ya minyoo, ilikuwa na mwisho. Katika Kiswahili chetu dozi ni kitu kinachomalizwa, na kuimaliza ndiyo sifa ya mgonjwa mwema. Hakuna aliyemwambia kwamba safari hii neno lilikuwa na maana nyingine, kwamba dawa ile ilikuwa ya kuendelea nayo siku zote. Miezi 8 baadaye kiharusi kilimwangusha jikoni. Alipona, lakini mkono wa kulia haukurudi kama ulivyokuwa. Nilipomuuliza kwa nini aliacha dawa, alinitazama kama mtu aliyesingiziwa.

"Sikuacha, mwanangu. Nilimaliza."

Hivyo katika maelezo ya seremala wangu niliweka sentensi moja iliyobeba kisa chote: akiulizwa kuhusu dawa, ajibu, "Nilipewa, daktari, na dozi nilimaliza." Asiongeze neno mpaka aulizwe.

Wanafunzi walikuwa wazuri. Nalisema hili mapema ili asije mtu akadhani nimekuja kuwadharau vijana. Waliingia na "Shikamoo, baba", wakanawa mikono, wakajitambulisha, wakaomba ruhusa ya kuniuliza maswali. Waliniuliza habari za kichwa, macho, kifua na kuvimba miguu. Waliniuliza sigara, pombe na chumvi, na baba yangu alikufa kwa ugonjwa gani. Kisha wakafika kwenye dawa.

"Baba, dawa zako ulizitumia vizuri?"

"Ndiyo, daktari. Nilipewa, na dozi nilimaliza."

"Vizuri sana, baba."

Kalamu ya mtahini ikaweka alama ya vema, na swali linalofuata likaja.

Vizuri sana, baba. Nililisikia neno hilo asubuhi nzima. Kufikia mwanafunzi wa tano nikaanza kulitamka "nilimaliza" polepole na kwa sauti kubwa zaidi, kinyume cha maelekezo niliyojiandikia mwenyewe. Kufikia wa kumi nilikuwa nimekasirika, na hasira hiyo haikuwa juu yao. Nilikuwa namwona mama amekaa katika kiti changu, akipongezwa.

Kisha akaingia binti mmoja mwenye sauti ya chini. Alianza vibaya. Alisahau kunawa mikono, akakumbuka, akarudi nyuma, akapoteza muda. Tulipofika kwenye dawa nikasema sentensi yangu. Akanyamaza, akaweka kalamu chini.

"Ulimaliza, baba? Ulimaliza lini?"

"Tangu mwezi wa tatu."

"Na baada ya hapo ulipewa nyingine?"

"Hapana, daktari. Nilikuwa nimepona."

Akasogeza kiti karibu kidogo. Akanieleza kwamba presha si kama malaria, kwamba dawa yake ni kama luku: kuona taa zinawaka hakumaanishi uache kununua umeme. Akaniuliza dawa zile zilikuwa shilingi ngapi, na kama fedha nayo ilikuwa kikwazo. Mwisho akaniomba nimweleze kwa maneno yangu mwenyewe nilichokielewa. Nilikuwa bado namweleza kengele ilipolia. Hakuwa ameuliza sigara, wala chumvi, wala marehemu baba yangu. Alitoka akijua ameharibu kituo. Niliiona aibu hiyo usoni pake.

Jioni ile nilikaribishwa katika kikao cha watahini, kama msikilizaji. Katika kituo changu binti yule alikuwa chini ya alama ya kufaulu. Waliosema "vizuri sana, baba" walifaulu, baadhi yao kwa alama za juu. Orodha ilikuwa na kipengele kisemacho: ameuliza kuhusu matumizi ya dawa. Wote walikuwa wameuliza. Hapakuwa na nafasi ya kuandika kama jibu lilisikiwa.

Nikaomba nafasi ya kusema, nikasema, nadhani kwa ukali usiomfaa mgeni. Aliyenijibu alikuwa profesa mmoja, mama mtu mzima aliyefundisha udaktari kwa zaidi ya miaka 30. Hakubisha kwamba binti yule alimtibu seremala na wengine hawakumtibu. Alisema, "Mwalimu, wewe unataka tumpe alama kwa sababu umempenda. Mimi nilisoma enzi za kupendwa." Akatusimulia mtihani wake wa mwisho: mgonjwa mmoja, watahini wawili, na swali la kwanza halikuwa la ini wala figo. Aliulizwa, wewe ni binti wa nani? Yupo mwenzake aliyekuwa na jibu zuri la swali hilo, na huyo hakuulizwa mengi zaidi. "Orodha hii unayoilaumu," akamalizia, "haijui baba yangu ni nani."

Sikuwa na jibu. Na kwa kweli, msomaji wangu, jibu kamili sinalo hata leo.

Maana profesa alikuwa amegusa jambo lililo kubwa kuliko udaktari. Tumetengeneza fomu kwa sababu hatuaminiani, na mara nyingi tumekuwa na haki ya kutoaminiana. Katika nchi ambayo jina la ukoo linaweza kufungua mlango ambao cheti kimeshindwa kuufungua, orodha isiyo na macho ni ulinzi wa mtoto wa mkulima. Anayesema tuitupe na turudi kwenye busara ya watahini anapaswa kueleza busara hiyo itazuiwaje isiwe upendeleo.

Lakini fomu nayo ina ugonjwa wake. Watumishi wa umma mnaosoma hapa mnaikumbuka OPRAS, iliyoingizwa mwaka 2004 ili mtumishi apimwe kwa malengo yaliyo wazi badala ya kupimwa kwa sura yake mbele ya mkuu wake. Nia ilikuwa njema. Nani kati yetu hajaona fomu ya mwaka mzima ikijazwa mchana mmoja wa mwezi Juni, mkuu na msaidizi wake wakikubaliana alama huku chai ikipoa? Wanafunzi wa udaktari nao wana madaftari ambamo kila kazi waliyoifanya wodini husainiwa na msimamizi. Vijana wenyewe wamenisimulia jinsi saini hizo zinavyoweza kupatikana kwa mkupuo, wiki ya mwisho, msimamizi akisaini huku akitembea. Fomu imejaa na hakuna aliyemtazama mtu.

Wataalamu wa upimaji wanalifahamu tatizo hili. Mwaka 1999 Brian Hodges na wenzake wa Toronto, Kanada, walichapisha utafiti ambamo wanafunzi, madaktari waliokuwa bado mafunzoni na madaktari wazoefu walipitishwa katika vituo vilevile. Watahini walipoombwa kuupima utendaji kwa ujumla, wazoefu waliongoza. Alama za orodha zilipojumlishwa, wazoefu walikuwa chini ya wale walio mafunzoni. Nadhani sababu yake inaeleweka kwa yeyote aliyewahi kutibiwa na daktari mzuri. Mzoefu haulizi maswali ishirini. Anauliza matatu, na la tatu linazaliwa na jibu la pili.

Kabla ya hapo, mwaka 1990, George Miller wa Marekani alikuwa ameuchora umahiri kama piramidi yenye ngazi nne: anajua, anajua namna ya kuutumia ujuzi wake, anaonyesha, na juu kabisa, anatenda. Mtihani wa maandishi hugusa ngazi mbili za chini. Mtihani wa vituo hufika ngazi ya tatu, nayo ni hatua kubwa. Ngazi ya nne haipatikani katika chumba chenye kengele. Hiyo ipo wodini usiku wa manane, wakati kijana hajui kama anatazamwa, foleni bado ni ndefu na kipimo cha presha kilicho kizima ni kimoja.

Wala swali hili halikuanza na Wazungu. Mwaka 931 huko Baghdad, khalifa al-Muqtadir alipata habari kwamba mtu amekufa kwa kosa la tabibu. Akaamuru asitibu yeyote mpaka apimwe na tabibu mkuu, Sinan ibn Thabit. Vitabu vya historia ya tiba vinataja watu zaidi ya 860 waliopimwa. Inasimuliwa kwamba siku moja alikuja mzee mtanashati, akaweka dinari mbele ya Sinan, akakiri kwamba hajui kusoma wala kuandika, lakini ana familia inayomtegemea. Sinan akacheka, akamruhusu kwa sharti: asimtibu mgonjwa kwa jambo asilolijua, na asiamuru kutoa damu wala dawa ya kuharisha isipokuwa kwa maradhi mepesi. Kesho yake akaja kijana. Akaulizwa amesoma kwa nani, akasema, kwa mzee yule wa jana. Naye akapita kwa sharti lilelile.

Kisa hiki nakiogopa na kukipenda kwa pamoja. Nakiogopa kwa sababu ya zile dinari, na kwa sababu kijana alipita kwa jina la mwalimu wake, jambo lisilo mbali na "wewe ni binti wa nani?" Nakipenda kwa sababu ya lile sharti. Sinan alitaka mtu aujue mpaka wa ujuzi wake na asiuvuke. Sisi huwa tunakiuliza wapi? Katika kituo changu hakuna mwanafunzi hata mmoja aliyesema, "Baba, hili silijui, ngoja nimuulize mkubwa wangu." Siwalaumu. Tangu darasa la kwanza tumewafundisha kwamba sijui haina alama. Wahenga walimwonya mgonjwa kwamba mficha maradhi kifo humuumbua. Daktari anayeficha asichokijua naye huumbuliwa na kifo, ila kifo hicho huwa ni cha mtu mwingine.

Mwaka huu chuo kiliniita tena. Wenyeji wangu walikuwa wamenisikia. Kipengele kilikuwa kimebadilishwa na sasa kinasema: amebaini kwamba mgonjwa hatumii tena dawa. Furaha yangu ilidumu kwa dakika zipatazo 5. Mwanafunzi wa kwanza aliingia, akasalimia, akanawa mikono, na kabla sijamaliza habari za kichwa akasema, "Baba, zile dawa za presha uliziacha baada ya kumaliza dozi, sivyo?" Wa pili akafanya vivyo hivyo. Habari za seremala zilikuwa zimekwisha kuenea bwenini. Mmoja wao alinipa mfano wa luku, neno kwa neno, bila kuniangalia usoni.

Nilicheka nilipofika kwenye gari, kisha nikaacha kucheka. Tulikuwa tumeweka ndani ya orodha usikivu wa binti mmoja, na katika muda wa miaka miwili usikivu huo ulikuwa umegeuka kuwa jibu la kukariri.

Basi nimefikia wapi? Orodha ibaki, kwa sababu aliyoitaja profesa. Kando yake iwepo nafasi ya uamuzi wa jumla wa mtahini, na nafasi ndogo ya mgonjwa kuulizwa kama amesikilizwa na kama angerudi kwa daktari huyu. Uamuzi wa mtu mmoja unaweza kuwa upendeleo. Uamuzi wa watu kumi na wawili wasiowasiliana, katika vituo kumi na viwili, ni vigumu zaidi kuununua. Pili, Kiswahili cha wagonjwa kifundishwe kama sehemu ya tiba na kipimwe kama sehemu ya tiba. Mhitimu wetu hufanya mtihani wake wa maandishi kwa Kiingereza, kisha hutumia maisha yake kwa watu wanaosema dozi, degedege, kichomi na presha. Hakuna kipimo cha damu kitakachomwonyesha kwamba mama amemaliza dozi asiyopaswa kuimaliza.

La tatu ni gumu, nalo linawahusu zaidi wasomaji wangu walio katika ofisi za mipango na bajeti. Ngazi ya nne ya Miller haipimwi bila jicho la mtu, na jicho hilo lina gharama. Mwaka mmoja wa utarajali ungeweza kuwa mtihani bora kuliko yote, lau pangekuwa na daktari mwenye muda wa kusimama kando ya kitanda mara kwa mara, akamtazama mtarajali akizungumza na mgonjwa halisi, kisha wakakaa wawili kwa dakika 10 wakaambiana ukweli. Kuongeza idadi ya wanafunzi ni uamuzi wa kikao kimoja. Kumpata msimamizi mwenye muda ni kazi ya miaka, na haina picha za uzinduzi. Tukiongeza la kwanza na kuliacha la pili, tutabaki na madaftari yaliyosainiwa.

Binti yule, kwa taarifa yenu, alifaulu mtihani kwa ujumla; vituo vingine vilimbeba. Sasa atakuwa daktari mahali fulani, na natumaini amekutana na mtu aliyemwambia kwamba katika kituo cha seremala hakuharibu.

Mama naye humeza kidonge chake kila jioni baada ya taarifa ya habari, kwa mkono wa kushoto. Nilipomsimulia habari za luku alicheka mpaka akafuta machozi. Kisha akatulia, akaniuliza, "Na huyo mtoto, walimpa alama?"

Nikamwambia, "Kidogo, mama."